Hitilafu ya skripti isiiangushe programu nzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo mafunzo ya utengenezaji wa programu hulipita mbio: kinachotokea pale skripti (programu ndogo inayoendeshwa na programu nyingine) inaposhindwa ikiwa ndani ya programu iliyoandikwa kwa C au C++.

Mfano unaofundishwa huwa mfupi na wa kuvutia. Ukitaka kupachika intapreta (kiendesha skripti) ya lugha ya Lua, unaifungua kwa luaL_newstate, unapakia maktaba zake kwa luaL_openlibs, unaendesha faili la skripti, unafunga kwa lua_close. Ukitaka Python, ni Py_Initialize, PyRun_SimpleString, kisha Py_FinalizeEx. Mistari mitatu minne tu, salamu inatokea kwenye skrini, na mwanafunzi anaondoka akiamini amemaliza. Kumbe hajaanza. Nusu iliyobaki, ile ya skripti yenye kosa, ndiyo inayoamua kama programu itakaa mwezi mzima bila kuzimika au itaanguka siku ya kwanza mtumiaji atakapopitisha nil (thamani tupu ya Lua) mahali pa namba. Naomba gazeti lako, kila linapochapa mfano wa aina hii, lichape na nusu hiyo.

Kila lugha ina namna yake ya kupiga yowe. C hurudisha namba. C++ hurusha eksepsheni (taarifa ya hitilafu) inayopanda ngazi za miito huku ikiita distrakta (fanksheni ya kusafisha) ya kila kitu inachokipita. Lua iliyokompailiwa kwa C huruka kwa longjmp hadi mahali palipowekwa ulinzi, bila kuangalia imeruka juu ya nini. Python huacha alama ya hitilafu kwenye thredi (mkondo wa utekelezaji) kisha hurudisha NULL, yaani kielekezi kitupu. Hakuna hata moja inayolielewa yowe la mwenzake. Aliyepachika intapreta ndiye anayepaswa kusimama mpakani, apokee hitilafu kwa lugha ya upande huu na kuikabidhi kwa lugha ya upande wa pili. Asiposimama yeye, hakuna atakayesimama.

Tuchukue Lua kwanza, kwa kuwa tangu ilipozaliwa mwaka 1993 kule PUC-Rio, Brazili, imetengenezwa ili ipachikwe, na sheria zake ziko wazi. Fanksheni ya Lua iitwe kwa lua_pcall, si kwa lua_call. Hitilafu ikitokea nje ya ulinzi, Lua huwa haina pa kurudi: huita fanksheni ya dharura iliyowekwa kwa lua_atpanic, na hiyo ikirudi, huita abort. Programu nzima inakufa, pamoja na kazi za watumiaji ambao hawakuigusa skripti hiyo. lua_pcall hurudisha namba, na katika Lua 5.4 maana zake ni hizi: 0 ni salama, 2 ni hitilafu wakati wa kutekeleza, 4 ni kuishiwa kumbukumbu, 5 ni hitilafu ndani ya kishughulikia ujumbe chenyewe, yaani fanksheni inayoitwa hitilafu inapotokea. Namba 3, kosa la sarufi, utakutana nayo mapema zaidi, wakati wa kupakia skripti. Wengi huandika tu kwamba kama jibu si 0 basi kuna kosa, na wanaishia hapo. Aliyekosea sarufi anahitaji kuonyeshwa mstari aurekebishe. Aliyeishiwa kumbukumbu hatasaidiwa na namba ya mstari. Majibu mawili tofauti yanahitaji hatua mbili tofauti.

lua_pcall ikishindwa, huondoa kwenye rundo la Lua (mahali C na Lua zinapopeana vitu) fanksheni na hoja zake zote, kisha huweka kitu kimoja: hitilafu yenyewe. Kitu hicho ni mzigo wako. Usipokiondoa kwa lua_pop, kila hitilafu itaacha tofali moja juu ya rundo, na uhakika unaopewa unapoingia kwenye fanksheni ya C ni nafasi 20 tu, isipokuwa umeomba zaidi kwa lua_checkstack. Katika ujenzi wa kawaida Lua haikagui kama umepitiliza. Kwa hiyo programu hustahimili hitilafu kadhaa ikionekana nzima, halafu huanza kuandika juu ya kumbukumbu isiyo yake, na inapoanguka, mahali ilipoangukia hapahusiani kabisa na chanzo. Wakati wa kujaribu, kompaili Lua ikiwa na LUA_USE_APICHECK (chaguo linalowasha ukaguzi wa miito), na andika ukaguzi kwamba lua_gettop (idadi ya vitu kwenye rundo) kabla ya mwito na baada ya kulishughulikia jibu ni sawasawa. Ukaguzi huo ni wa mstari mmoja na hakuna kisingizio cha kuuacha.

Halafu kuna ujumbe wa hitilafu. Si lazima uwe maandishi. Skripti inaweza kurusha jedwali, nil, hata fanksheni, na hapo lua_tostring itakurudishia NULL. Ukiipeleka NULL hiyo moja kwa moja kwenye std::string, umeongeza hitilafu ya pili juu ya ya kwanza, na hii ya pili iko kwenye msimbo wako, haina wa kuidaka. Kagua aina kwanza. Kama si maandishi, jaribu __tostring (fanksheni ya kukigeuza kitu kuwa maandishi), na kama haipo, andika aina ya kitu kilichorushwa. Orodha ya miito nayo ina wakati wake: lua_pcall ikisharudi, ngazi zote zimekwisha kufunguliwa na hakuna tena cha kuorodhesha. Ndiyo maana hoja ya nne ya lua_pcall ipo. Weka hapo nafasi ya kishughulikia ujumbe, nacho kiite luaL_traceback wakati ngazi bado zimesimama. Kwa kuishiwa kumbukumbu, Lua haikiiti kishughulikia hicho kabisa, kwa hiyo usiweke ndani yake kazi ambayo lazima ifanyike kila mara.

Kosa la wale waliokwisha kusoma kidogo ni kudhani kwamba lua_pcall pekee ndiyo inayohusika na hitilafu. Fanksheni nyingi za kawaida za Lua zinazoitwa kutoka C zinaweza kurusha hitilafu zenyewe. lua_newtable na lua_pushstring zinaweza kukosa kumbukumbu. lua_getglobal na lua_getfield zinaweza kuamsha metamethodi (fanksheni iliyoambatanishwa na kitu) na kuendesha msimbo wowote wa Lua. Mwongozo rasmi unayasema haya waziwazi: mbele ya kila fanksheni kuna mabano ya mraba yenye sehemu tatu, na sehemu ya tatu ndiyo ya hitilafu. Kistari maana yake hairushi kamwe, m ni kukosa kumbukumbu tu, e ni kwamba msimbo wowote wa Lua waweza kuendeshwa humo, na v ni kwamba maelezo yako chini yake. Watu husoma jina na hoja, wakaacha herufi hiyo moja. Dawa ni kuiweka hata kazi ya maandalizi ndani ya fanksheni moja ya C, uisukume kwa lua_pushcfunction, uipe kielekezi cha data zako kwa lua_pushlightuserdata, kisha uiite kwa lua_pcall. Fanksheni hizo mbili za kusukuma ni za kistari, hazirushi. Programu ya lua unayoiendesha kwenye tarminali imeandikwa hivyohivyo: main yake hufanya kidogo sana, na kazi yote iko ndani ya fanksheni iliyolindwa.

Sasa tuje kwenye C++, ambako madhara ni makubwa na hayaonekani. Chukua fanksheni ya C++ inayoitwa na skripti. Mstari wa kwanza unatengeneza std::string yenye njia ya faili. Mstari wa pili unaita luaL_checkinteger kusoma hoja ya pili. Skripti imepitisha nil. luaL_checkinteger inarusha hitilafu, longjmp inaruka moja kwa moja hadi ndani ya lua_pcall, na distrakta ya ile std::string haiitwi. Sheria za C++ zinasema kuruka namna hiyo juu ya kitu chenye distrakta ya maana ni tabia isiyofafanuliwa. Kwa vitendo, kumbukumbu ya maandishi yale inapotea. Ukijaribu kwa majina mafupi hutaona kitu, kwa sababu maktaba ya GCC huweka maandishi ya hadi herufi 15 ndani ya kitu chenyewe bila kuomba kumbukumbu ya pembeni. Majaribio yanapita, njia ndefu za faili zinavuja. Na badala ya std::string kukiwa na std::lock_guard, kufuli halitafunguliwa tena: thredi itakayolihitaji baadaye itasubiri bila mwisho, na atakayechunguza atatazama thredi hiyo, si skripti iliyopitisha nil.

Upande wa pili wa mpaka nao una shimo lake. Fanksheni yako ya C++ ikirusha std::bad_alloc (eksepsheni ya kukosa kumbukumbu) na usiidake, itapanda kuingia kwenye msimbo wa C wa Lua. Mahali pengine hapo ndipo std::terminate inapoitwa na kila kitu kinaisha, na afadhali iwe hivyo. Kwenye Linux ya x86-64 GCC huweka jedwali za kufungulia ngazi hata kwa msimbo wa C, hivyo eksepsheni hupita katikati ya Lua kama mtu anayepita kwenye nyumba ya wenyewe usiku, na kutokea kwenye catch (kidaka eksepsheni) yako ya juu. Unaona umeokoka. Lakini Lua haikujua kwamba mwito umekatizwa: ndani yake bado kuna kielekezi cha mahali pa kurukia hitilafu ijayo, na mahali hapo palikuwa kwenye ngazi ambayo sasa imefutwa. Hitilafu inayofuata itarukia hewani.

Wapo wanaoshauri kuikompaili Lua yenyewe kwa kompaila ya C++. Ni ushauri mzuri: badala ya longjmp, Lua hutumia throw, na distrakta zako huitwa. Ila ujue mambo mawili. Lua 5.4 ikijengwa hivyo hudaka kila eksepsheni, ikiwemo yako, na ikiidaka yako hurudisha -1 huku ujumbe wake ukiwa umepotea. Na ukiandika catch ya nukta tatu, inayodaka eksepsheni yoyote, kuzunguka miito ya Lua, utaidaka hitilafu ya Lua yenyewe kabla haijafika inakokwenda. Kwa hiyo kukompaili kwa C++ kunapunguza hasara, hakukuondolei kazi ya mpakani.

Kazi yenyewe hufanywa hivi, na inafaa kwa namna zote mbili za kukompaili. Gawa kila fanksheni inayoitwa na skripti iwe mbili. Ya nje iwe na vitu vyepesi tu: namba, vielekezi, na bafa ya herufi, tuseme baiti 256. Isome hoja zote kwa luaL_checkinteger na wenzake kabla ya kitu chochote chenye distrakta kuzaliwa. Kisha ifungue try na kuiita fanksheni ya ndani, ambayo ni C++ tupu na haigusi Lua hata kidogo. Kwenye catch ya std::exception, nakili what (maneno ya eksepsheni) kwa snprintf kwenye bafa. Kwenye catch ya nukta tatu, andika kwamba eksepsheni haijulikani. Usiite luaL_error ukiwa bado ndani ya catch: longjmp ikitokea hapo, kitu cha eksepsheni hakitaachiliwa kamwe. Toka kwanza nje ya catch, na hapo, ukiwa huna chochote cha kusafisha, ita luaL_error kwa mpangilio wa "%s" na bafa yako. Usiiweke bafa yenyewe mahali pa mpangilio, maana ujumbe wenye alama ya asilimia utasomwa kama amri.

Matokeo nayo yanahitaji uangalifu, kwa sababu kuyasukuma kwa lua_pushlstring kunaweza kukosa kumbukumbu wakati std::string ya matokeo bado iko hai. Kama ni makubwa, tengeneza kwanza userdata (kitu cha C kinachotunzwa na Lua) yenye __gc (fanksheni inayoitwa kinapozolewa), kijenge kitu chako ndani yake, halafu ndipo fanksheni ya ndani ikijaze. Ikitokea kuruka, mzoataka wa Lua ataita distrakta kwa wakati wake. Nyongeza kwa wanaotumia pthread_cancel kwenye Linux: kusimamisha thredi kule hutekelezwa kama eksepsheni ya kulazimisha, na catch ya nukta tatu isiyoirusha tena huiua programu. Ni bora kutotumia pthread_cancel kabisa kwenye thredi yenye intapreta.

Kwa Python, hatari hazina kuruka, zina kusahau. PyRun_SimpleString ndiyo mlango wa kwanza unaofundishwa na ndiyo inayopaswa kuachwa kwanza. Skripti ikishindwa, huichapa hitilafu na kukurudishia -1, bila kukuachia kitu cha kuchunguza. Skripti ikiita sys.exit, haikurudishii hata hiyo -1: inaizima programu mama yote. PyErr_Print ina tabia hiyohiyo. Mtu anayeandika skripti ya mistari kumi amepewa swichi ya kuzima seva nzima, na aliyempa hajui. Tumia Py_CompileString ukitaja jina halisi la faili, ili orodha ya miito ionyeshe jina hilo, kisha PyEval_EvalCode. Ikirudi NULL, uliza kwanza kwa PyErr_ExceptionMatches kama ni PyExc_SystemExit, na uamue mwenyewe maana yake.

Kuichukua hitilafu kumebadilika. Hadi Python 3.11 ilikuwa PyErr_Fetch yenye vielekezi vitatu, ikifuatiwa na PyErr_NormalizeException. Tangu 3.12 ni PyErr_GetRaisedException, inayokupa kitu kimoja. Njia ya zamani bado ipo lakini imetangazwa kuwa ya kuachwa. Vyovyote vile, ukisharudishiwa kitu hicho ni chako na kukiachilia kwa Py_DECREF ni juu yako. Usikitunze muda mrefu: eksepsheni hushikilia orodha ya miito, orodha hushikilia fremu (rekodi ya mwito mmoja), na fremu hushikilia kila kilichokuwa ndani ya fanksheni, hata jedwali la mamilioni ya safu. Igeuze kuwa maandishi mara moja na uiachilie. PyObject_Str nayo inaweza kushindwa na kurudisha NULL, vilevile PyUnicode_AsUTF8, kwa hiyo uwe na maneno ya akiba.

Kosa linalosumbua zaidi ni la -1. PyLong_AsLong hurudisha -1 ikishindwa, lakini -1 ni namba halali pia. Ukiipata, uliza PyErr_Occurred. Usipouliza, alama ya hitilafu hubaki imewekwa na programu inaendelea kana kwamba mambo ni shwari. Kama fanksheni yako iliitwa na Python, Python itashtuka unaporudisha jibu huku hitilafu ikiwa imewekwa, na itarusha SystemError inayosema hivyo. Lakini kama ni programu mama iliyokuwa ikisoma jibu, hakuna wa kushtuka. Kosa la saa nne litalipuka saa sita, mahali ambapo -1 halali ilisomwa na PyErr_Occurred ikajibu ndiyo. Ukiona hitilafu ya Python inayolalamikia kitu ambacho mstari huo haukukigusa, rudi nyuma utafute mwito ambao jibu lake halikukaguliwa.

Kuhusu thredi nitasema kwa kifupi. Baada ya Py_Initialize, thredi kuu ndiyo inayoshika kufuli la Python. Isipoliachia kwa PyEval_SaveThread, thredi nyingine zitakazoita PyGILState_Ensure zitasubiri. Na kila PyGILState_Ensure iwe na PyGILState_Release yake hata kwenye njia ya hitilafu. Kwenye C++ hiyo ni kazi ya distrakta.

Kuna namna nyingine ya skripti kushindwa ambayo si eksepsheni hata kidogo: mzunguko usioisha. lua_pcall haitarudi, na hakuna cha kudaka. Kwa Lua, weka kidude kwa lua_sethook na LUA_MASKCOUNT, kwa mfano kila maagizo 100,000, kiangalie saa na kiite luaL_error muda ukipita. Lakini skripti yenyewe ina pcall, na inaweza kuimeza hitilafu hiyo na kuendelea kuzunguka. Kwa hiyo muda ukishapita, punguza hesabu hadi 1, hitilafu irushwe tena na tena hadi ngazi zote ziishe. Pia kidude hicho hakihesabu kitu wakati Lua iko ndani ya fanksheni ya C, kama vile string.find yenye mtindo mzito. Anayeendesha skripti za watu asiowajua aiweke intapreta kwenye mchakato wake wa pembeni.

Mwisho ni kujaribu, na hapa ndipo ningependa mafunzo yatumie nafasi zaidi. Lua hukuruhusu kutoa kigawa kumbukumbu chako mwenyewe kupitia lua_newstate. Andika kigawa kinachohesabu maombi na kinachokataa kila ombi kuanzia la n. Anza na n ikiwa 1, endesha skripti yote, funga intapreta, ongeza n kwa moja, rudia hadi skripti imalizike bila kukataliwa. Ukigusa njia ya kukataliwa, kumbuka kwamba Lua huzoa taka kwanza na kuomba tena kabla ya kukata tamaa, ndiyo maana kukataa ombi moja pekee hakutoshi. Kompaili programu mama kwa -fsanitize=address, chaguo la kompaila linalonasa makosa ya kumbukumbu. Kwa kila n, matarajio ni matatu: lua_pcall imerudisha 4 au 0, au luaL_openlibs na maandalizi mengine, yakiwa ndani ya ulinzi, yamekataa kwa namna hiyohiyo, lua_gettop iko pale ilipoanzia, na hakuna hata baiti moja iliyovuja baada ya lua_close. Namba za mwanzo kabisa zitamfanya lua_newstate arudishe NULL, na hilo nalo ni jibu ambalo msimbo wako unapaswa kuwa umelisoma.

Wako,
Msomaji wa kurasa za teknolojia